Mwamba Ulionyweshwa Lambo la Nyanzala

Ndaki alirudi kutoka kusini akiwa na ovaroli ya rangi ya chungwa, viatu vyenye chuma puani na cheo kipya alichojipa mwenyewe njiani: Injinia. Hakuna aliyembishia. Kasokola ni mahali pa watu waungwana. Mtu akirudi baada ya miaka mingi bila ng'ombe, bila mtaji, bila hata redio, angalau huachiwa cheo.

Kazi aliyoifanya kule kwenye visima vya gesi ilieleweka kidogo, naye alihakikisha inaendelea kueleweka hivyohivyo. Kuna visima, alisema, vinachimbwa chini mno halafu vinagoma. Gesi ipo, lakini mwamba umeikumbatia. Hapo mnafanya mojawapo ya mambo mawili. Ama mnapeleka tindikali chini kwa bomba, iule mwamba wa chokaa na kuifungulia gesi njia, ama mnasukuma maji yenye mchanga kwa nguvu ya kutisha mpaka mwamba upasuke, na mchanga ubaki ndani ya nyufa kuzizuia zisijifunge tena.

"Mimi nilikuwa tindikali," alimalizia, kwa sauti ya mtu anayetaja kikosi chake cha jeshi.

Ni kweli alikuwa tindikali. Alikuwa akiosha matangi yake. Siku za kazi kubwa alikabidhiwa mpira wa maji ya kuoshea macho, akaonyeshwa alama ya njano iliyochorwa chini, akaambiwa asimame juu yake na asisogee. Hakusogea. Msimamizi mmoja alipata kumsifu kwa hilo mbele ya watu. Ule upande mwingine, wa kupasua mwamba kwa maji, aliuona kambini kwenye video ya mafunzo, kwa Kiingereza, akiwa na usingizi.

Maisha yake yote, ukiyatazama vizuri, yalikuwa ya kusimama alipowekwa. Alizaliwa Meatu, akaletwa Katavi mtoto, nyuma ya ng'ombe wa baba yake, katika safari ambayo ng'ombe walijua inakoelekea kuliko watu. Ng'ombe wale walikufa mmoja mmoja, baba akawafuata, na Ndaki akabaki na fimbo. Akamwoa Minza, binti wa Nyanzala, kwa mahari iliyotolewa na wajomba wenye huruma. Akajenga nyumba ya tofali mbichi. Kisha akasikia habari za gesi, akaondoka, akisema anakwenda kwa msimu mmoja. Misimu ina tabia ya kuzaana. Minza alichukua watoto akarudi kwa mama yake, na nyumba ile, ikiwa haina mtu wa kuitazama, ikaangusha ukuta mmoja na kukaa wazi kama mdomo wa mzee anayeshangaa.

Kwa hiyo siku ya pili baada ya kurudi, Ndaki alivaa ovaroli yake akaenda ukweni.

Hapa inabidi kueleza jambo. Kwa Wasukuma wa zamani, na Nyanzala alikuwa wa zamani kwa makusudi, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawasemeshani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini na kusubiri mwenzake apite. Vijana siku hizi wanapigiana simu na wakwe zao na kutumiana picha za sherehe, lakini Nyanzala alisema hayo ni mambo ya watu wasio na haya. Yeye mkwewe akija, alikaa nyuma ya kihenge cha mahindi na kuzungumza na beberu wake, mnyama mweusi mwenye pembe moja aliyefungwa hapo mchana kutwa. Ndaki naye alisimama upande wa pili wa kihenge na kumjibu beberu. Hivyo heshima ililindwa na kila mtu akasikia.

"Mbuzi," sauti ya Nyanzala ikatoka nyuma ya kihenge, "hebu muulize huyo mtu aliyevaa nguo za kuzimia moto, anatafuta nini hapa?"

"Mbuzi," akasema Ndaki, akikodolea macho milima na kumwita mama mkwe mama kwa Kisukuma, "mwambie mayu nimefuata mke wangu na watoto."

"Mbuzi, mwambie mke hajapotea. Yupo palepale alipomwacha. Aliyepotea ni yeye."

Beberu alitafuna. Alikuwa mjumbe mzuri, hakuongeza neno.

"Na umwambie, mbuzi, bomba letu limekufa. Mwaka juzi lilikuwa linajaza ndoo, mwaka jana likawa linakohoa, mwaka huu kimya. Tumebaki na lambo langu tu, watu na ng'ombe humohumo. Lambo likikauka tunahama. Mwanangu Makoye ameshakwenda kutazama nyasi upande wa Rukwa. Na Minza tunahama naye, maana watoto hawanywi ovaroli."

Ndaki alimwona mkewe mlangoni mwa jiko, amebeba ungo, akimtazama kama mtu anavyotazama mzigo na kujiuliza kama ni wake. Akajikuta anasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia:

"Mbuzi, mwambie mayu asihangaike. Hilo bomba nitalifufua mimi. Nimefufua visima vya gesi, itakuwa hiki cha maji!"

"Mbuzi," akasema Nyanzala, "nicheke miye, au utanichekea wewe?"

Fabiani, mwenyekiti wa kitongoji, hakucheka. Alikuwa ameandika maombi ya kufufuliwa kwa kisima mpaka mkono ukazoea, akijibiwa kila mara kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Aliposikia kuna injinia ndani ya kitongoji chake mwenyewe, akaitisha mkutano hapohapo bombani, jirani na boma la Nyanzala. Watu wakaja. Penye ukame mkutano ni starehe, angalau mnakaa.

Ndaki alikuja na miwani ya plastiki, glovu na chupa ya asidi aliyoinunua mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ile ya kusafishia vigae. Akaokota jiwe kutoka kwenye lundo la mawe yaliyotoka shimoni siku kisima kinachimbwa. Akaliweka juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "mtaona jiwe hili likichemka kama soda. Likichemka hapa, na kule chini litachemka, njia za maji zitafunguka. Kaeni mbali, mvuke ni sumu."

Watu wakarudi nyuma kwa adabu. Ndaki akamimina.

Jiwe likalowa.

Walisubiri. Upepo ulipita ukiwa umebeba vumbi la mashamba yaliyovunwa na harufu ya pori linaloungua mbali huko. Kule kusini Ndaki alishaona, kwa macho yake, kipande cha mwamba kikitoa povu mpaka kikabaki mchanga. Hili la Kasokola lilikaa juu ya ndoo, limelowa, limetulia, kama kuna mtu ameliuliza jambo na halina maoni.

"Injinia," akauliza Scola, jirani wa Nyanzala, "limeiva?"

"Tumpe muda," akasema Fabiani, ambaye muda ndicho kitu pekee serikali ya kitongoji ilikuwa nacho kwa wingi.

Wakatoa muda. Ndaki akamimina tena. Akasema labda asidi imeisha nguvu. Akasema labda ni jua. Kutoka nyuma ya uzio wa miiba ilisikika sauti ya mwanamke anayezungumza na mnyama wake:

"Mbuzi, jiwe limeoga. Sasa walipake mafuta."

Kicheko kile kilimfuata Ndaki mpaka kwenye nyumba yake isiyo na ukuta, kikaingia naye ndani bila shida.

Aliyekuja kumweleza kosa lake ni Sixte, mzaliwa wa Katumba, kwenye makazi ya Warundi, msimamizi wa genge la kampuni moja iliyopewa kazi ya kufufua visima vilivyolala. Maana maombi ya Fabiani, baada ya kufanyiwa kazi kwa kina, yalikuwa yamejibiwa kwa bahati mbaya. Gari lilifika bila taarifa, limebeba pampu kubwa, mabomba na kizibo kirefu cha mpira mweusi. Sixte alimchukua Ndaki kibarua siku hiyohiyo, kwa sababu ya msingi kwamba tayari alikuwa na ovaroli.

"Hapa ni itale, kaka, mwamba mgumu," Sixte alimwambia, akiligeuza jiwe la mkutano mkononi. "Tindikali inakula chokaa. Itale hata ukililoweka mwaka, linakutazama tu. Hapa tunatumia maji. Tunashusha kizibo ndani ya shimo, tunakijaza kikabana kuta, halafu chini yake tunasukuma maji kwa presha. Nyufa zilizoziba zinafunguka. Basi."

"Najua," akasema Ndaki. "Nilishaona."

Hakusema aliona wapi.

Tatizo lilikuwa moja dogo. Ili kisima kitoe maji, ilibidi kwanza kipewe maji, tangi zima na zaidi. Bauza, lori la kuyaleta, lilikuwa limekatika ekseli kule Ilembo, na dereva wake alikuwa chini yake, amelala, kwa maelezo yake, anatengeneza. Kesho yake genge lilitakiwa kwingine. Ratiba, Sixte alisema, ni ratiba.

Watu wote wakageuka polepole kutazama lambo la Nyanzala.

Lilikuwa limebaki kidimbwi cha rangi ya chai ya maziwa, kimezungukwa na nyayo za ng'ombe zilizokauka zikawa ngumu kama vikombe vya udongo. Ndiyo maji yote waliyokuwa nayo. Makoye, kaka yake Minza, aliyekuwa amerudi kutoka Rukwa akiwa na habari njema za nyasi, alipanda juu ya kingo akasimama kama mlinzi wa benki.

"Nyie mna wazimu?" alifoka. "Maji ya ng'ombe mkayamwage shimoni? Shimo hilohilo lililotunyima? Yakizama hayo, kesho naswaga ng'ombe, na kila mtu wa nyumba hii anakuja nyuma yao. Minza, unanisikia?"

Minza alisikia. Mtoto wake mkubwa alikuwa amemshika sketi na mdogo amelala mgongoni.

"Mzee," Fabiani akamgeukia Sixte, "lakini kitaalamu, uhakika upo?"

"Kulingana na hali ya kijiolojia," Sixte akajibu, "kuna matarajio."

Ni jibu zuri. Nimewahi kusikia madaktari wakilitumia.

Ndipo Nyanzala alipotoka nyuma ya kihenge, khanga imefunika uso, akimvuta beberu kwa kamba. Watu wakampisha. Akasimama akimpa mkwewe mgongo.

"Mbuzi," alisema, na sauti yake safari hii haikuwa na mzaha. "Muulize huyo mume wa mwanangu. Nikiunywesha mwamba maji yangu yote, huo mwamba utanirudishia?"

Ndaki alikuwa na majibu mengi. Miaka ya kusimulia ilikuwa imemjaza nayo. Yalikuwa yamepanga foleni kooni: presha, tindikali, gesi, kule kusini sisi. Akamtazama Minza. Akatazama kidimbwi kile cha rangi ya chai, na ndama aliyekuwa akinywa pembeni bila kujua kwamba anajadiliwa.

"Mbuzi," alisema, "mwambie mayu sijui."

"Mbuzi, arudie."

"Sijui. Huenda yakafungua njia, huenda yakazama tusiyaone tena. Hii kazi nimeiona kwenye video tu."

Sixte alikohoa. Fabiani alifumba macho, kama mtu anayeiona barua yake ya maombi ikirudi mwanzo. Makoye akacheka kwa nguvu. Lakini Nyanzala alikuwa ametulia, mkono juu ya shingo ya beberu.

"Mbuzi," alisema, "hilo ni neno la kwanza kutoka kwake ambalo halijavaa ovaroli. Waambie wachote."

Wakachota. Maji ya lambo yalivutwa kwa mashine ndogo, yakachujwa kwa vitambaa, yakatiwa dawa. Ng'ombe na watu walikuwa wakiyanywa vilevile yalivyo, lakini mwamba ni mgeni wa heshima. Kizibo kikashushwa shimoni, kikajazwa. Sixte akachora mstari wa majivu na kuamuru kila asiye wa genge akae nyuma yake. Ndaki akawekwa kando ya pampu, penye geji ya presha, juu ya kipande cha ubao. "Simama hapa," aliambiwa, na hapo moyo wake ukatulia; hii kazi aliiweza.

Tatizo ni kwamba mstari wa majivu ulichorwa na mtu wa Katumba, asiyejua miiko ya Wasukuma. Nyuma ya mstari ule, penye usalama, ndipo hasa mtu alipotazamana na Ndaki uso kwa uso. Nyanzala alifika, akaona, akageuka. Alitaka kuyaona maji yake yakienda, lakini hakuwa tayari kuvua heshima mbele ya kitongoji kizima. Akazunguka nyuma ya gari na beberu wake, mahali ambapo mkwewe asingemwona. Kwa bahati mbaya hapo ndipo mpira mkubwa wa presha ulipoungana na bomba la kisima.

Mashine iliunguruma. Mshale wa geji ukapanda. Ndaki aligeuza shingo, na kupitia uvungu wa gari akaona miguu minne ya mbuzi, miguu miwili ya mwanamke, na, kiasi cha hatua tu kutoka hapo, kiungio cha mpira kikitoa jasho. Jasho likawa uzi wa maji. Uzi ukaanza kupiga kelele.

Mtu mwingine angepaza sauti: mama, toka! Ndaki alifungua mdomo na mila ya babu zake ikamshika ulimi.

"Mbuzi!" alipiga yowe. "Mbuzi, toka hapo! Mbuzi utakufa!"

Sixte, mtu mwepesi na mwenye moyo mwema, alisikia. Alichomoka, akazunguka gari, akamnyakua beberu kifuani na kukimbia naye, pembe moja ikimchoma kidevu. Nyanzala akabaki. Alikuwa amesikia sauti ya mkwe karibu; akafanya kama alivyofunzwa tangu usichana. Akajifunika khanga vizuri zaidi, akageukia upande, akasimama kimya kabisa mahali palepale.

Ndaki akashuka kwenye ubao. Katika kazi zote alizowahi kufanya, hakuwahi kuondoka kwenye alama. Alikimbia, akamkumbatia mama mkwe wake kiunoni kwa mikono yote miwili, akaanguka naye chini.

Mpira ulikatika. Ulipiga hewani kama chatu aliyekanyagwa, ukang'oa taa ya gari, ukachimba mfereji pale aliposimama Nyanzala, kisha mashine ikazimwa na kukawa kimya. Maji ya lambo yakawanyeshea. Mkwe na mama mkwe walikuwa wamelala kwenye tope, khanga imekwenda zake, wanatazamana macho kwa macho, karibu kiasi cha kuhesabiana kope.

Mpira ule ungeua mtu. Hilo halikujadiliwa.

"Amemshika!" akapiga kelele Scola, kiganja usoni, vidole vimeachana ili aone vizuri. "Yesu wangu, amemshika mkwe!"

"Mbuzi yuko salama, bosi!" Sixte akaitikia kutoka mbali, akihema.

Wanaume watu wazima waligeukia porini. Makoye alikuja mbio na fimbo, akaona mfereji uliochimbwa na mpira, akatazama mahali mama yake alipokuwa amesimama, akaishusha fimbo. Nyanzala aliinuka mwenyewe. Hakusema na mtu. Hakusema hata na mbuzi.

Wakafunga mpira mwingine. Maji yaliyobaki kwenye tangi, nusu yake tu, yakasukumwa. Mshale ukapanda, ukaganda, ukapanda tena kidogo, kisha ghafla ukaanguka. Sixte akatabasamu. "Umefunguka," alisema.

"Ndo hivyo tu?" akauliza Makoye, aliyetegemea mlipuko. "Mbona hamna kitu?"

Kweli hapakuwa na kitu cha kuona. Lambo lilikuwa tope, na kilichofanyika kilifanyika chini, gizani, ndani ya jiwe, ambako hakuna mkutano.

Wazee walikaa jioni ileile kuamua jambo zito, yaani lile la kukumbatiana. Ilikubaliwa kwamba miiko imevunjika na haiwezi kuungwa. Ilikubaliwa achinjwe mbuzi ili miiko iondoke vizuri. Ilikubaliwa, bila mjadala mrefu, awe yuleyule. Alikuwepo, alisikia yote, na ni yeye pekee aliyeokolewa bila sababu.

Asubuhi wakafunga bomba na kuanza kupampu. Yalitoka maji ya kahawia yenye harufu ya zizi, na watu wakaguna: hayo ni maji yetu wenyewe, tumerudishiwa amana. Ndaki alishika mpini. Alipampu mpaka ovaroli ikawa nyeusi mgongoni kwa jasho. Makoye alikuwa ameshafungua zizi. Ng'ombe walikuwa wamesimama, wanasubiri neno. Minza alikuwa amefunga vyungu kwenye khanga.

Nyanzala alikuja, uso wazi. Akakinga kiganja, akanywa. Akatema. Ndaki akaendelea. Akakinga tena, akatema. Mara ya tatu akashtuka na kuondoa mkono, kisha akaurudisha taratibu.

"Ya baridi," alisema. Akanywa, akameza. "Ya lambo yana ladha ya ng'ombe. Haya hayana."

Hayakuwa maji ya kutangazwa redioni. Yalitosha watu, ndama na ng'ombe wa maziwa wachache. Sixte akaandika kwamba kisima kimefufuka, akapakia mabomba yake, akaondoka na plasta kidevuni. Makoye akaswaga kundi kubwa kuelekea Rukwa, kama alivyosema, akamwacha mama yake, ambaye alisema yeye hafuati nyasi, yeye si ng'ombe. Minza alifungua khanga na kutoa vyungu.

Siku ile ya nyama, Ndaki alikalishwa mbele ya mama mkwe wake bila kihenge katikati. Walikula. Walikuwa hawajui waanzeje. Mara mbili Nyanzala aligeuza shingo kuelekea kigingi kilichobaki na kamba tupu.

"Ndaki," alisema hatimaye. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake, na wote wawili walishtuka kidogo.

"Labeka, mayu."

"Ile nyumba yako. Ukuta umeanguka upande gani?"

"Wa magharibi."

"Udongo upo. Maji ya kufyatulia tofali sasa yapo. Minza haendi kulala kwenye nyumba inayotazama barabara." Akafuta mikono kwa majani. "Chukua ndoo."

Akachukua. Bombani palikuwa na foleni ndefu ya wanawake. Ndaki, akiwa na ovaroli yake na kumbukumbu mbichi ya mafanikio yake, akaelekea moja kwa moja mbele.

"Injinia," akasema Scola, bila hata kugeuka. "Foleni inaanzia kule."

Akarudi nyuma, akaiweka ndoo chini, akasimama alipoonyeshwa.